Kura Moja ya Makamu wa Rais
Keziah, mpishi wa nyumba ya wageni kule Washington, alimjua Makamu wa Rais kwa mikono yake mikubwa ya mtu aliyewahi kushona viatu. Kila asubuhi Makamu, aliyepanga humo, alifuta sahani yake kwa mkate mpaka ikang'aa. "Kazi yangu kuongoza Seneti na kugonga meza tu, mama," alizoea kusema kwa sauti ya kukwaruza. Siku Seneti ilipojadili kumfutia marehemu mume wa Keziah aibu ya kuitwa mtoro wa vita, kura zililingana, na hapo tu ndipo Makamu hupiga yake. Keziah, akiwa roshani ya watazamaji, aliona mikono ile ikigonga meza. "Afutiwe," akasema Makamu.

Jioni Keziah alianza, "Mheshimiwa..." akajifuta macho kwa aproni. Makamu akamvutia kiti. "Kaa, mama. Nisimulie alikuwa mtu gani."