Vidonge vya Mke Wangu, Papasi wa Mama Yake

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na la nne lenyewe sikulimaliza. Lakini ofisi ya kijiji niliijenga mimi, na ghala pia, na nyumba za walimu walionijia wenyewe, kofia mkononi. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue kwamba ninapowaita watu wajinga, habari ya shule haimo.

Tulipohamishiwa kijiji cha Ujamaa, si mbali na stesheni ya Igalula, wenzangu walijenga matembe ya udongo yale yale waliyoyaacha kwenye njia ya zamani ya misafara. Mimi nilimwaga sakafu ya saruji, ya kwanza pale, nikapiga chokaa kuta zote. Nilijua ninachokikimbia. Katika nyufa za matembe yale walikaa papasi, wadudu wa rangi ya udongo wanaokunyonya ukiwa usingizini na kukuachia homa. Homa yenyewe haina adabu: inakuchoma siku tatu nne, inakuacha kama wiki, unaanza kusema umepona, inarudi. Mke wangu ilimharibia mimba mbili. Ya pili nusura aende nayo.

Sista wa kliniki ya Tabora, binti mdogo mwenye ulimi wa wembe, alituambia mke wangu asishike mimba nyingine mpaka apitishe mwaka mzima bila homa hiyo. Akampa vidonge vya uzazi wa majira, ila mume lazima aweke sahihi. Niliiweka, kubwa, ikatoka nje ya mstari.

Habari ilifika kijijini kabla yetu. Kwenye bao wakanipokea.

"Fundi, tunasikia hata mkeo umemziba kwa saruji."

"Wewe wako hujamziba," nikamjibu, "ndiyo maana una wanane na wote wanakuja kula kwangu."

Wakacheka. Watu wa namna ile hucheka hata ukuta ukiwaangukia.

Miezi miwili ilikwenda vizuri. Kisha mama mkwe akaja kumwangalia binti yake, na wiki ya pili tu homa ikarudi. Mke wangu alitapika kila alichomeza, vidonge navyo. Damu ikaanza kumtoka siku zisizo zake, kidogo kidogo, hata hakujua tena mwezi wake unaanzia wapi. Homa ilipoondoka na kurudi tena, ikaangukia siku zile za mwisho wa pakiti, za vidonge vya kahawia vya kuongeza damu. Mama mkwe hakuhitaji ushahidi mwingine. Maneno yake yalinijia kwa mdomo wa binti yake, maana kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, na chumba anacholala yeye mimi sikikanyagi. Naye alikuwa akilala na mgonjwa.

"Mwambie mumeo dawa hiyo ndiyo homa. Inachemsha damu."

Kijiji kizima kikaafiki. Watu wasiojua kupima ukuta kwa kamba wakapima damu ya mke wangu kwa macho.

Nikapanda treni mpaka Tabora. Sista alinisikiliza huku akipanga sindano zake.

"Vidonge havileti homa," akasema. "Humo mna homoni, kama zile unazozitengeneza mwili wenyewe kupangia siku za mwanamke. Akitapika hazimfikii. Leo zipo, kesho hazipo, mwili unayumba, damu inatoka. Tena akitapika hivyo anaweza kushika mimba, na homa bado anayo. Mlete apigwe sindano ya homa. Lakini niambie, fundi, kwako kuna papasi?"

"Kwangu kuna saruji."

"Sikukuuliza habari ya sakafu."

Nilikasirika mpaka Igalula. Nikiwa nashuka kwenye behewa ndipo nikakumbuka hekima moja ya wazee wetu wa njia ya misafara, hekima ambayo naitemea mate. Walisema papasi wa kwenu hawakuui, huua mgeni. Kwa hiyo mtu akihama hubeba wachache wa nyumbani, waendelee kumng'ata, damu isiwasahau. Na mama mkwe alikuja na karanga, mkeka, na kibuyu kidogo kilichozibwa kwa kitambaa, ambacho mimi nilidhani ni cha ugoro.

Kuingia kukitafuta nisingeweza. Chumba nilikijenga kwa mikono yangu, nami nikasimama uani nimekipa mgongo, nikasema kupitia dirishani: "Mke wangu, angalia kibuyu cha mama."

Nikasikia kitambaa kikifunguliwa. Kisha nikamsikia mke wangu. "Mama, hawa ni wa nyumbani?"

"Ni wa nyumbani, mwanangu. Wanakujua."

"Wananijua sana. Wamenimalizia mimba mbili."

"Ni kwa kuwa ulikaa mbali nao, damu ikasahau. Halafu unameza dawa ya kukausha tumbo."

"Halikukauka, mama. Linapumzika."

"Nani kakwambia tumbo hupumzika? Mimi nimezaa kumi na mmoja."

"Ukazika wangapi?"

 Mke wangu akatoka ameshika ukuta, akakitupa kibuyu kwenye moto wa mafiga. Kitanda kikatolewa uani; papasi waliokwisha kutoka tuliwakuta kwenye kamba zake, tukawamwagia maji yanayochemka.

Mama mkwe aliondoka kesho yake. Wanasema alifanya kwa upendo. Sawa, mbona mimi niliyempenda vilevile sikumletea mdudu?

Mke wangu akapigwa sindano, akaanza pakiti mpya, na baada ya miezi michache siku zake zikakaa sawa. Mwaka ukatimia bila homa. Nikamwambia, basi, acha vidonge, watu waone.

"Waone nini?" akaniuliza. "Mwaka huu ndio wa kwanza kujua siku zangu zinakuja lini. Nataka mwingine."

Kwenye bao walikuwa wakinicheka, wakinihesabia miezi bila mimba. Siku mbili nilipiga chokaa kuta zilizokwisha kupigwa. Siku ya tatu nikapanda treni.

Sista aliponiona peke yangu aliweka kalamu chini. "Nani anaumwa, fundi?"

"Hakuna anayeumwa," nikamwambia. "Nimefuata vidonge."