Aliyekaa Ndani kwa Ajili ya Mwanangu

Nilikuwa napepeta mchele nilipoambiwa kuwa fundi wa kutengeneza vyerehani wa uchochoroni kwetu, hapa Mji Mkongwe, amefariki alfajiri na atazikwa baada ya sala ya alasiri. Niliuweka ungo chini, na mchele ule sikuurudia siku ile. Wengi wenu mliowahi kupita pale mnamjua kwa sauti kabla ya sura, kwa kuwa alikuwa akitengeneza cherehani huku akigombana nacho. "Unataka nini wewe? Mafuta nshakupa, sindano nshakupa, bado wanuna tu." Sisi wanawake tuliosimama mlangoni tulicheka, naye hakucheka. Sitamtaja jina. Hakuwa ndugu yangu, na urafiki wetu ulikuwa wa salamu na mikanda ya cherehani iliyokatika. Lakini nina jambo langu kwake, nimekaa nalo miaka zaidi ya ishirini, na nyinyi ninaowakaripia kila mara katika safu hii ya gazeti mna haki ya kulisikia.

Fundi alikuwa na kitu ambacho wengi wetu wa mjini hatuna, nacho ni nyumba yenye hati kwa jina lake mwenyewe. Hebu tazameni mtaani kwenu. Nyumba hii ya wakfu, ile ya serikali, ya tatu aliiacha babu na warithi wake wako kumi na saba, hawajagawana na hawasemezani. Kwa hiyo kijana wa mtaa akikamatwa, na familia ikaambiwa ilete mdhamini mwenye nyumba, pamoja na barua ya sheha, kiongozi wa mtaa, sote tulielekea mlango mmoja. Fundi hakuuliza kama kijana kaiba au hakuiba. Swali lake lilikuwa moja: "Akitoka, atalala wapi?" Ukimjibu sawasawa, anafunga duka anakwenda nawe. Na kila asubuhi ya kesi, akitoka msikitini, alipita nyumbani kwa aliyemdhamini, akagonga, akamwona kwa macho yake, ndipo akaenda kunywa chai.

Katika miaka ya tisini mwanangu alikuwa akifanya kazi ya ghala katika hoteli moja ya Uroa. Shuka na mapazia mapya yakakosekana, akakamatwa yeye. Alilala kituoni siku mbili, ya tatu akafikishwa mahakamani, na hakimu akasema dhamana iko wazi, aletwe mtu mmoja mwenye nyumba. Nikajifunga buibui, nikaenda kwa fundi.

"Fundi, mwanangu yuko ndani."

"Nshasikia. Akitoka, atalala wapi?"

"Kwangu. Atalala wapi tena?"

"Basi nisubiri nifunge mlango."

Mahakamani karani alimsomea karatasi ya dhamana. Mshitakiwa akishindwa kuhudhuria, mdhamini ndiye atakayejibu. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma na nilisikia kila neno, lakini macho yangu yalikuwa kwenye mlango atakaotokea mwanangu. Fundi akatia saini. Kabla ya adhuhuri kijana alikuwa nyumbani anakula.

Hapa ndipo nilipokosea, na nasema wazi kwa sababu najua siko peke yangu. Kwa sisi wanawake wa rika langu, tuliosoma chuo cha Kurani na madarasa mawili matatu ya skuli, aliyetoka ametoka. Nilipika mkate wa kumimina, nikasomesha hitma, majirani wakaja kunipa mkono. "Hongera, mwanao kashinda." Nami nikajibu Alhamdulillahi. Chumba kilijaa watu wazima na hakuna hata mmoja aliyesema kuwa hakuna aliyeshinda kitu, kwamba kesi ndiyo kwanza inaanza. Kisha nikaona maneno ya watu yamezidi, nikamtoa kijana mjini, nikampeleka Paje kwa kaka yangu akamsaidie kujenga. Fundi sikumwambia. Sikuona kuwa yanamhusu.

Asubuhi ya kesi nikasikia hodi.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Mwambie kijana avae, leo siku yake."

"Marahaba. Siku yake ya nini? Yuko Paje, wiki ya pili hii."

"Bi Mkubwa, uliniambia atalala hapa."

"Kwani si yamekwisha, fundi? Si umeshamtoa wewe mwenyewe?"

"Sikumtoa," akasema. "Nimesimama mahali pake. Mfuate umlete. Miye nnakwenda kumwomba hakimu siku mbili."

Ningeondoka saa ile ile, pengine leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini niliona haya ya kwenda kumtoa mtoto kwa mjomba wake mbele ya watu, nikajiambia fundi ni mtu mzima na anaheshimika, hakimu atamsikiliza. Nikawasha jiko. Adhuhuri mkewe akaja kuniuliza kama nimemwona mumewe. Kumbe hakimu hakumpa siku mbili. Aliamuru akae ndani mpaka mshitakiwa aletwe.

Kesho yake nikaenda Paje. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijatufikia. Mwanangu aliponiona tu nashuka garini alidhani nimekuja kumpeleka jela, akakimbia. Kaka yangu na mimi tulimtafuta mchana kutwa, tukampata kwa watu kijiji cha jirani, na sikumbembeleza. Nilimwambia, "Kuna mtu amekaa mahali pako, na mtu huyo ana mama mgonjwa. Simama twende."

Mama huyo nilikuwa namjua. Alikuwa hawezi kutembea, na mwanawe, fundi, ndiye aliyekuwa akimbeba kila asubuhi kumweka dirishani apate hewa. Hakuwa na mtoto mwingine. Tuliporudi mjini siku ya tatu, nikaona mikeka imetandikwa barazani kwao. Bibi alifariki siku ile nilipokuwa Paje nahangaika na mwanangu, na akazikwa siku ile ile, kama tunavyozika. Wanaume wa mtaa ndio waliomshusha kaburini. Mwanawe alikuwa ndani.

Tulikwenda moja kwa moja mahakamani, kijana akajitokeza, fundi akaachiwa. Kesi yenyewe baadaye ikafutwa, maana zile shuka zilikutwa katika ghala jingine la hoteli hiyo hiyo. Nilikwenda kumpa fundi pole ya mama, pole ile ile aliyopewa na kila mtu. Akaniitikia kwa adabu. Mwaka uliofuata nilimpelekea cherehani changu, akakigombeza, akakitengeneza, akanirudishia. Hakulitaja jambo lile hata siku moja, nami nikaupokea ukimya wake kama kwamba ni ruhusa ya kunyamaza.

Siku hizi nasikia watu wakilalamika kuwa hakuna anayekubali kumdhamini mwenziwe. Vijana wanakaa mahabusu miezi kwa kukosa saini ya mtu mmoja, na mashtaka yao madogo. Tunasema dunia imeharibika, watu hawana huruma. Miye sisemi hivyo. Watu walikuwa na huruma, wakatia saini, sisi tukawapeleka watoto wetu shamba. Fundi mwenyewe aliendelea kudhamini, lakini majirani waliokuwa na hati wakaona yaliyompata, wakafunga milango yao. Siwalaumu.

Siku ya tatu ya msiba nilikwenda kwa mjane wake. Nilimkuta ameketi mkekani na wanawake wawili wa kwao, nikangoja wakatoka. Nikamwambia yote niliyoyaandika hapa, na kwamba nimekuja kuomba radhi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Yeye alikusamehe siku ile ile aliyotoka," akasema. "Aliniambia, bibi wa watu hakujua. Miye sijakusamehe. Mama yule aliuliza mwanawe yuko wapi mpaka pumzi ya mwisho, na aliyekuwa akimjibu ni mimi."

"Una haki," nikasema.

"Najua."

Basi wewe mwenye mtoto ndani leo, unayevaa buibui lako kwenda kugonga mlango wa mtu, jua unachokwenda kuomba. Unaomba mtu mwingine akae kwenye kiti cha mwanao, na atakaa humo mpaka hakimu atakaposema basi. Uliza tarehe, na mwanao alale pale uliposema atalala. Na ukimkosea mdhamini wako, mwendee angali anafungua duka asubuhi, umwambie kwa kinywa chako. Miye nilichelewa, na msamaha wa fundi nimeupokea kwa mdomo wa mtu asiyenisamehe.