Samaki Watatu Wasio Wake

Mume wangu alikuwa fundi saa, si mvuvi. Kwetu Mombasa alikuwa na kibanda chake cha kioo nje ya duka la mjomba wake, na mimi nilivijua vidole vyake kabla sijaujua uso wake, maana siku nilipopeleka saa ya mamangu aliinamisha kichwa na hakukiinua mpaka alipomaliza. Bahari hakuipenda hata kidogo. Kwenye feri ya Likoni alikuwa akishika chuma, macho kayafumba, nami nikimcheka mbele ya watu. Kwa hivyo jamaa zetu wakisikia kwamba tulimaliza misimu ya baridi kando ya maji huko Texas, tukishindana kuvua samaki na Wazungu wazee, huniuliza ni nani aliyetuloga.

Hakutuloga mtu. Tulipofika Amerika hakukuwa na mtu wa kutengenezewa saa. Hapa saa ikifa hutupwa. Akapata kazi ya kupakia masanduku uwanja wa ndege, upande wa Irving, na vile vidole vikaota sugu. Kazini alikuwako Mwingereza mmoja, fundi wa mitambo aliyekaribia kustaafu, na huyo ndiye aliyemwambia kwamba wana chama chao kidogo, watu kumi na wanne, wanaovua kwa ufito mrefu usio na gurudumu la kukunjia uzi. Ufito wenyewe ni mita kumi na moja, huungwa kipande kwa kipande. Uzi wake ni mwembamba wa kuonekana kwa shida, ndoana ni ndogo kuliko punje ya mchele, na chelezo chake hutiwa virisasi vidogo kimoja kimoja mpaka ibaki ncha tu juu ya maji. Jioni ile mume wangu alinieleza habari za chelezo saa nzima, chai ikapoa. Nilikuwa sijauona uso ule tangu kibandani.

Chama hicho hushindana majira ya baridi, Jumamosi moja kila baada ya wiki mbili, kwenye ziwa la mkulima mmoja mashariki ya Garland. Ziwa! Kwetu tungeliita bwawa na kumshukuru Mungu. Mkulima huletewa samaki aina ya trauti kwa lori la matangi, wakamwagwa humo. Trauti ni samaki wa maji baridi. Ikifika Mei maji ya Texas yamepata moto na wote wanakufa, mwakani wanamwagwa wengine. Nilipoambiwa hivyo niliuliza, sasa wanaletwa kwa nini? Mume wangu akasema, "Kwa ile miezi minne."

Asubuhi kila mtu huchopoa nambari ndani ya kopo, na nambari hiyo ndiyo mahali pake pa kukaa. Kipenga hupulizwa saa tatu, kikapulizwa tena saa nane mchana. Kila samaki unayemvua unamtia katika mfuko mrefu wa wavu uliozamishwa miguuni pako, akae hai. Mwishoni mpimaji hupita na mizani, watu wote wakimfuata nyuma, na samaki wakishapimwa hurudishwa majini. Hapo ndipo waliponishinda. Unamtoa samaki, unampima kama mtoto wa kliniki, halafu unamrudisha, na nyumbani chungu kitupu.

Lakini yeye alikuwa hodari. Msimu wa pili alishika nafasi ya pili, na kikombe chake kidogo nikakiweka juu ya kabati. Kisha kidole gumba cha mkono wa kushoto kikaanza kucheza peke yake juu ya kitambaa cha meza. Mimi kazi yangu ilikuwa katika nyumba ya wazee hapo Garland, nikiwaogesha, nikiwavalisha, nikiwalisha, na jina la ugonjwa ule nililijua kabla ya daktari. Daktari akasema ni Parkinson, akatupa vidonge, na alikuwa mkweli: vidonge hupunguza, haviponyi.

Msimu wa nne ndio mimi nilipoandikishwa chamani, ili niwe mikono yake. Wakatufanyia hisani: akichopoa nambari yeye, mimi hupewa inayofuata. Nilimfungia ndoana, nikamtilia chambo. Chambo chenyewe ni funza, wazima, wanaojinyonganyonga. Mimi, mwanamke wa Kibokoni, Mombasa, niliyekuwa nikipiga kelele nikiona mende! Yeye aliulaza ufito juu ya paja na kuushika kwa mikono miwili. Lakini mtetemeko mdogo wa kiganjani, ukifika mwisho wa mita kumi na moja, ni ngoma. Chelezo kilicheza, samaki wakasogea, wakageuka. Na mimi nisiyejua kitu, niliyekuja kushika funza, ndiye niliyevua.

Kabla ya msimu kuanza alikuwa ameniambia jambo moja. Tulikuwa tunakunja nguo. Akasema, "Siku mpimaji atakayopita na mimi sina kitu, hapo nitajua mikono imekwisha." Alilisema bila huzuni, vile alivyokuwa akimwambia mteja kwamba saa yake haina dawa. Mimi nikaendelea kukunja.

Mashindano ya kwanza, adhuhuri ilipoingia, tulipokezana kuswali nyuma ya gari ili mmoja abaki na vyombo. Alikwenda yeye kwanza, na kiti chake cha kukunja, kwa kuwa kusujudu kulikuwa kumemshinda. Yeye alikuwa na samaki wawili, mimi saba. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikawachukua wawili katika wavu wangu nikawatia katika wake. Mume wangu amesimama mbele ya Mola wake, mimi nimeinama mbele ya wavu. Kisha nikaenda kuswali zamu yangu na mikono inanuka samaki. Sijui swala ile iliandikwa wapi.

Nisijisingizie ujinga. Nilijua ni udanganyifu. Lakini mamangu alinilea kwamba mke ni stara, aibu ya mumeo unaifunika hata kwa upindo wa leso yako, na mimi nilifunika. Hesabu yake ilikuwa imeanza kumpotea. Akili yake yote ilikuwa kwenye kuituliza ile mikono. Akiambiwa wanne, alikubali wanne.

Mashindano ya Krismasi nilimtilia wanne, akatoka wa tatu. Zawadi ya wa tatu ilikuwa paja zima la nguruwe, limefungwa utepe mwekundu. Alicheka mpaka machozi, akalishika kwa ncha za vidole na kumkabidhi yule Mwingereza, ambaye ndiye mpimaji. Njiani akampigia simu binti yetu Houston. "Babako ameshinda nguruwe!" akamwambia, na akaanza upya kucheka. Furaha ile ndiyo iliyoniponza. Januari nikarudia, mara mbili.

Jumamosi ya mwisho ya Februari upepo ulitoka kaskazini na maji ya chupa yakaganda pembeni. Karibu na adhuhuri nilimwona ameinua ufito, uzi umekaza, samaki anang'aa juu ya maji. Wakati huohuo na mimi nikapata wangu, nikageuka kumtoa ndoana. Nilipomtazama tena alikuwa anajifuta mikono. Nikajua amepata mmoja, alhamdulillahi. Kumbe samaki alimponyoka ukingoni, naye hakusema. Akaenda kuswali. Nikamtilia watatu.

Saa nane kipenga kikalia. Mpimaji akaja na mizani yake, na wenzake nyuma yake, pua nyekundu kwa baridi. Walipofika kwetu mume wangu hakuinuka kitini. Akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Leo mimi sina kitu. Piteni."

Kulikuwa na nafasi ya kusema neno, hata neno la kijinga, kwamba ni wangu, nimekosea wavu. Mpimaji alikuwa ameshashika mdomo wa wavu kwa mazoea tu, akauinua, na samaki watatu wakaanza kujipigapiga.

"Watatu," akasema mpimaji, na papo hapo nadhani akatamani angekuwa bubu.

"Si wangu," akasema mume wangu.

Akawatazama samaki, akanitazama mimi. Hakukasirika. Nilimwona anarudi nyuma taratibu, Jumamosi moja baada ya nyingine, akitafuta ni wapi palipoharibika. Kisha akamuuliza mpimaji, si mimi: "Na wale wa Krismasi?"

Mwingereza akaangalia buti zake. "Sote tulijua, rafiki yangu," akasema. "Hatukuona ubaya wowote."

Wema ule ndio uliommaliza. Laiti wangetufukuza, laiti mmoja wao angepiga kelele kwamba sisi ni wezi, angepata la kujibu. Walisimama pale watu wazima kumi na wanne, wote wakimhurumia, wote wamekwisha kumhurumia tangu Desemba, wakimpigia makofi na kumshika bega.

Wazee husema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nililisikia tangu utotoni nikalichukua kuwa ni msemo tu. Siku ile nilimwona muungwana akichutama. Aliteremka kitini, akachutama ukingoni kwenye tope, akaufungua wavu na kuwatoa samaki mmoja mmoja kwa ile mikono. Wa kwanza akaenda. Wa pili akaenda. Wa tatu akamponyoka akaangukia topeni, naye akamfukuza kwa viganja viwili, samaki anaruka, yeye anapapasa, na hakuna aliyethubutu kusogea.

Nikasogea mimi. "Hebu nikusaidie, baba."

"Basi," akasema, hakunitazama. "Umenisitiri ya kutosha."

Niliendesha gari mimi kurudi Garland. Nilisema samahani mpaka neno likachakaa mdomoni. Aliniuliza swali moja tu: wale niliomtilia walikuwa wangapi, tangu mwanzo. Nikamwambia kumi na watatu pamoja na wa leo.

"Na wangu mwenyewe?"

Nikasema sikumbuki. Nilikuwa nakumbuka. Walikuwa wanne, msimu mzima.

Binti yetu nilipomweleza hakuelewa. "Mama, kwani uli-cheat? It's just fish," akasema. "Mwambie tu sorry, ata-move on." Nikamwambia si samaki tu, lakini nilishindwa kuendelea, kwa kuwa Kiswahili chake ni cha salamu na chakula na Kiingereza changu ni cha kazini. Nikamuuliza watoto wamekula nini.

Mwaka uliofuata hakujiandikisha, na mimi sikumtajia. Aliniamuru nimpe Mwingereza vyombo vyote. Yule mzee akaja, akasimama mlangoni ameukumbatia ufito katika ala yake, akasema mahali petu pataendelea kuwepo. Nikamshukuru. Mume wangu alikuwa chumbani, mlango umerudishwa, na hakutoka mpaka gari liliposikika limeondoka.

Sasa tuko Houston, Sharpstown, fleti ya chini, ili binti yetu awe karibu. Ugonjwa umefika pale nilipojua utafika. Vifungo vimemshinda, kijiko kimemshinda, na sauti yake imekuwa ndogo hata huna budi kuinama ndipo umsikie. Watu wa msikitini wakija kumtazama husema inshallah atapona, nami huitikia amina, kwa adabu. Hatapona. Nimewaogesha wengi waliotangulia njia hii na sikumwona hata mmoja aliyerudi. Wala hajanisamehe. Hakunitukana hata siku moja, hula ninachompa, husema ahsante, na ahsante ile ni ile anayompa mgeni aliyemshikia mlango.

Kazini tulifundishwa namna ya kumvua mtu nguo bila kumdhalilisha. Unamfunika taulo kubwa mabegani kwanza, unafungua vifungo chini ya taulo, unamzungumzisha habari za hewa, nguo inatoka na mwili hauonekani. Mimi humfanyia mume wangu vivyo hivyo kila asubuhi. Mwezi uliopita nilimkalisha kwenye kiti cha bafuni, nikamtandika taulo, nikaanza kumweleza kwamba leo kuna joto. Mkono wake ukapanda, unatetemeka, ukachukua muda mrefu kufika begani. Ukalisukuma taulo mpaka likaanguka sakafuni. Nikainama kuliokota, naye akasema kitu, nikasogeza sikio.

"Liache," akasema. "Wewe nivue tu. Umeshazoea."