Isale Lililotoka Burma

Kaka yangu Elisaria alikuwa mkaidi, tusidanganyane kwa kuwa amekufa. Mtu akishakufa tunampaka mafuta, anakuwa mpole, mcheshi, mcha Mungu. Elisaria hakuwa mpole. Alikuwa mtu wa kazi, kahawa yake ilizaa kuliko ya wengine, na mkewe Ruth alimpenda mpaka wanaume wenzake wakawa wanamcheka. Lakini ukimgusa penye haki yake, mwenzangu, afadhali ungechokoza nyuki. Tabia hiyo aliitoa wapi? Kwa baba yetu, Mzee Kaanaeli. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Sisi ni Wameru wa Nkoaranga, mlimani. Kila mtu ana kihamba chake cha migomba na kahawa, na kati ya kihamba na kihamba kuna masale, yale majani marefu yanayobaki kijani hata kiangazi kikali. Isale ndilo linaloshuhudia mpaka, na ndilo linalopandwa kaburini. Na ukimkosea mtu, unakata jani lake, unalifunga fundo, unampelekea. Aliyeletewa isale anatakiwa asamehe hata kama roho bado inamuuma. Kulikataa ni jambo ambalo watu wanalisema kwa sauti ya chini.

Basi baba alipoanza kuzeeka alimega kipande cha kihamba cha Elisaria akamwongezea mdogo wetu Elinaza, kitindamimba, maana ndiye atakayebaki na wazazi. Hilo lingezungumzika. Baba hakuzungumza. Alihamisha masale Jumapili, Elisaria akiwa kanisani! Elisaria aliporudi alikuta mpaka umesogezwa. Akaenda na suti yake ya ibada, akayang'oa masale yote, akayatupa mbele ya mlango wa baba, mizizi juu.

Baba alitoka, akayatazama. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele.

"Hukung'oa majani," alimwambia. "Umening'oa mimi. Usinywe maji nyumbani kwangu mpaka uniletee isale kwa mkono wako."

Na isale lenyewe lilikuwa pale pale miguuni pake. Angeinama tu. Hakuinama. Kesho yake akateremka Arusha, bomani, walikokuwa wanaandikisha askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, maana vita ya Hitler ilikuwa imepamba moto. Ruth alimfuata mpaka Kimandolu akilia, akimsihi arudi amwombe mzee radhi. Alimjibu kwamba akirudi amevaa nguo za askari, baba mwenyewe atamfungulia mlango. Wanaume bwana. Mtu anaona ni rahisi kwenda kupigwa risasi kuliko kukunja mgongo.

Tulikaa muda mrefu bila habari. Ruth alilima peke yake, na kila jioni alimpelekea baba maziwa kama kawaida, shikamoo baba, marahaba mama, basi. Jina la Elisaria halikutajwa mbele ya mzee. Mimi nililitaja mara moja nikafukuzwa kama kuku aliyeingia sebuleni.

Aliyetuletea habari ni Lerionka, Mwarusha wa Kisongo, aliyekuwa kikosi kimoja na kaka yangu. Alirudishwa nyumbani kwa sababu kifua chake kiliharibika kwenye mvua za huko. Alikuja kwa miguu kutoka Kisongo, anakohoa kila akipanda kilima, akaomba tumpeleke kwa Mzee Kaanaeli kabla hajala chochote.

Alituhadithia yote. Walipelekwa kisiwa cha Selani kwa meli, kisha Burma, msituni, kupigana na Wajapani. Elisaria alipigwa risasi ya mkono wa kushoto. Mkono ukapona lakini haukunyooka tena, bunduki ikamshinda, akaachwa nyuma kwenye uwanja wa ndege kupakia mizigo. Pale palikuwa na ndege kubwa za mabomu. Siku nyingine zilibeba mabomu, siku nyingine zilibeba unga na nyama za mikebe kwa askari walioko msituni, maana barabara hazikuwapo. Chakula kilisukumwa nje angani, kikashuka na miavuli. Wazungu walitaka mtu wa kusukuma. Kazi ile hufanywa kwa kulala chali na kupiga magunia teke mpaka yatoke mlangoni, na Elisaria alikuwa na miguu ya mtu aliyekulia mteremkoni. Wakamchukua.

Safari ya kwanza alitapika njia nzima. Baadaye akazoea, hata akaanza kujisifu. Alimwambia Lerionka kwamba ukiwa huko juu mpaka wa shamba la mtu huuoni. Lerionka akamjibu kwamba ng'ombe wa Kisongo wanalijua hilo tangu zamani, wala hawakupanda ndege. Tulicheka kidogo. Baba hakucheka, ila niliona amesogeza kiti chake karibu.

Ndipo Lerionka akatoa kitambaa mfukoni. Ndani mlikuwa na jani refu lililofungwa fundo. Lilikuwa limekauka, limekuwa kahawia, limekatika nchani. Alisema kule Burma, karibu na nyumba zao za ibada, inaota mimea inayofanana kabisa na masale. Elisaria alipoiona kwa mara ya kwanza alisimama akashindwa kutembea. Siku Lerionka anaondoka, Elisaria alilikata jani hilo mwenyewe, akalifunga fundo kwa meno na mkono wake mmoja mzima.

"Ameniambia niseme hivi," Lerionka alisema. "Baba, nimeinama."

Ruth akapiga magoti. Mimi nilikuwa nimeshika mlango, nasali baba anyooshe mkono. Alikuwa na hamu, naapa alikuwa na hamu, alikuwa ameshainuka kitini. Lakini ulimi wake ulishaweka sharti mbele ya watu, na yeye hakuwa mtu wa kumeza neno lake. Alisema isale huletwa likiwa bichi, tena na mkono wa aliyekosa. Hilo ni jani la nchi ya watu. Vita vikiisha aje mwenyewe. Kisha akachukua panga akaenda kupogoa kahawa, na wala haikuwa majira ya kupogoa.

Lerionka hakula. Kwao pia kuna majani yasiyokataliwa. Aliliacha jani juu ya kinu, akaondoka zake anakohoa. Ruth alilichukua akaliweka ndani ya Biblia.

Mahindi ya mwaka ule yalikuwa hayajavunwa tarishi wa boma alipofika kwa mshili, kiongozi wa ukoo wetu. Ndege ya Elisaria iliondoka asubuhi ya mvua kupeleka chakula, haikurudi. Waliitafuta, hawakuiona. Mwili hakuna, kaburi hakuna, ahesabiwe amekufa. Ilikuwa baada ya Lerionka kutoka huko, kwa hiyo kaka yangu alikufa akisubiri jibu la baba.

Watu walikuja kutuhani. Mchungaji akasali, kengele ikapigwa. Lakini msiba usio na kaburi haukaliki. Watu wanazunguka tu kihambani, hawajui wasimame wapi. Baba alimwita Ruth, akamwomba lile jani. Ruth alifungua Biblia mbele yake. Lilikuwa limebaki vumbi na nyuzi nyuzi, na alipotaka kulishika likamwagika kwenye mkeka. Mzee alijaribu kuokota kwa ncha za vidole. Sitaki kulizungumza sana hilo.

Siku iliyofuata alikata isale bichi, kutoka pale pale mpakani, ambapo masale yalikuwa yamepandwa tena, akalifunga fundo, akaniambia, "Hanna, nipeleke kwenye ndege."

Nilidhani msiba umemvuruga akili. Nikamwambia baba, ndege ya kaka ilianguka Burma, hizi za Arusha zinakwenda Nairobi. Akasema anajua. Alisema aliyefia ardhini anapelekewa isale kaburini, na mtoto wake hakufia kwenye ardhi yoyote inayojulikana, alifia njiani huko juu. Wanaopita njia hiyo ni watu wa ndege. Tukateremka, tukapita kambi ya Wapolandi waliokimbia vita pale Tengeru, tukafika mjini jua limekuwa kali.

Uwanja wa ndege ulikuwa wa nyasi tu. Mlinzi aliitwa Mikidadi, mtu wa Kondoa, Mwislamu mwenye adabu zake. Alimsikiliza baba mpaka mwisho bila kumkatiza, akasema Mzee, ngoja hapa kivulini. Rubani alipotoka, Mzungu kijana mwenye uso mwekundu, Mikidadi alimweleza kwa Kiingereza chake. Sijui alimweleza nini. Yule kijana alivua kofia, akalipokea jani kwa mikono miwili, akalitia kwenye mfuko wa shati, ncha yake imetokeza nje. Akapanda. Ndege ikakimbia nyasini, ikainuka, ikazunguka upande wa mlima, ikapotea mawinguni.

Baba alibaki anatazama juu mpaka shingo ikamuuma. Tukaanza kurudi nyumbani. Na mimi nilikuwa na hasira naye, sikuficha, nilitembea mbele makusudi. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia, makali, tangu siku ile Lerionka alipoondoka na njaa. Tulipofika mtoni akaniita. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, amevua viatu.

"Mzungu hajui hata isale ni nini," alisema, "na amelipokea. Mimi, mwanangu aliniinamia, nikaenda kupogoa kahawa."

Nilirudi nikamshika mkono, nikambebea viatu vyake, tukavuka.