Mkono wa Zuhura na Mkono Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa rula ya vidole, na sikulia. Ilikuwa ofisi ya wakala wa mizigo pale Kivukoni, ghorofa ya pili, chumba cha wapiga chapa. Mwalimu aliyenifundisha taipureta Kariakoo, kwenye chumba juu ya duka la vitenge Mtaa wa Msimbazi, alizoea kunisifu kwa kasi. Katibu Muhtasi Mkuu hakutaka kasi, alitaka kaboni. Kila hati ya mzigo tuliichapa nakala tano kwa mpigo mmoja: karatasi, kaboni, karatasi, kaboni, mpaka mwisho. Nakala yangu ya tano ilitoka hafifu, haisomeki.

“Hapa hatupapasi, Fabiola,” akaniambia. “Tunapiga.”

Basi nikapiga miaka kumi na mitatu. Nyie mnaogusa vioo hamwezi kuelewa. Kidole kilipiga kwa nguvu inayotoka kwenye kiwiko. Kila mwisho wa mstari unasukuma mkono wa chuma kurudisha mashine mwanzo. Kila mwisho wa ukurasa unachomoa karatasi, unatenganisha kaboni, unapanga, unafuta wino, unakunywa maji. Tuliona ni kero tupu. Hakuna aliyetuambia kwamba huko ndiko tulikokuwa tunapumzika.

Aliyekaa kulia kwangu miaka yote hiyo ni Zuhura, mzaliwa wa Ilala. Asubuhi alikuja na vitumbua, mimi nikaja na chai ya chupa. Nilipojifungua mtoto wa tatu alichapa kurasa zangu juu ya zake, na mume wangu alipofariki alilala kwangu siku saba. Tuliazimana hata viatu.

Kisha zikaja kompyuta. Meneja Utumishi, kijana aliyependa tai nyekundu, akatuita na kusema, “Mama zangu, sasa mtapumzika.” Tukampigia makofi. Loo, kupumzika gani! Hakuna karatasi ya kuchomoa wala mkono wa kusukuma. Kuanzia saa mbili mpaka chakula cha mchana vidole havitoki kwenye kibodi. Viti vilibaki vilevile vya mbao na meza zilikuwa ndefu, tukakaa viwiko juu kama kuku wanaotaka kuruka. Na vile vibonye laini tulivitwanga kama vile nakala ya tano bado inasubiri chini.

Ulianza mwasho mdogo kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Baadaye kidole gumba na viwili vinavyofuata vikawa vinakufa ganzi. Hapo ndipo akili yangu ilipovurugika. Nikichapa, mkono unafanya kazi. Nikiuweka mapajani kupumzika, unawaka moto. Ugonjwa gani huo unaokuja ukipumzika? Nikatibiwa malaria, nikatibiwa baridi yabisi, nikaambiwa damu haitoshi. Kote nilimeza dawa, na vikombe vikaendelea kuniponyoka. Kazini sikusema neno. Meneja alishatangaza kwamba asiyemaliza kurasa zake atapelekwa masjala kupanga mafaili, na watu wa masjala ndio waliokuwa wanapunguzwa. Mimi nilikuwa mjane mwenye watoto watatu shuleni.

Shangazi yangu alikuja kunitembelea akanikuta nashindwa kufunga kifungo cha blauzi. Akauliza nani anakaa upande wa mkono huo. Nikamtajia. Akaguna, akasema, “Kikulacho ki nguoni mwako.” Nilimcheka. Lakini Jumatatu yake nikamfuma Zuhura anautazama mkono wangu, kwa muda mrefu, bila kupepesa. Nilipogeuka aliurudisha wake chini ya meza, akaufunika kwa kanga. Anashika nini huko chini? Nikajiuliza siku nzima, nikaharibu kurasa mbili.

Nikaacha kula vitumbua vyake. Naona aibu kuyaandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nikaenda kwa Meneja. Uchawi sikuutaja, ningeonekana mshamba. Nikasema Zuhura siku hizi ni mzito, ananichelewesha. Na kweli alikuwa mzito. Wiki iliyofuata akahamishiwa masjala, na mwaka haukuisha akapunguzwa. Siku ya kuhama alikusanya vitu vyake polepole, akaniambia, “Fabi, Mungu anaona.” Nikamjibu kwamba anaona sana.

Nilidhani nitapona. Wapi! Nilipewa kurasa zake juu ya zangu na mkono ukazidi. Nilipoangusha sufuria ya uji wa moto, daktari akanipeleka kwa binti wa mazoezi ya viungo. Akaniamkia, shikamoo, marahaba, kisha akasema nimwonyeshe ninavyochapa pale kwenye meza yake. Nikamwonyesha. Kalamu yake ilianguka chini.

“Mama,” akasema, “huo mshipa wa fahamu unapita mahali pembamba sana hapo kifundoni. Ukiuchosha hivyo kila siku, panavimba, unabanwa. Kazini kuna mwingine anayeumwa hivi?”

Nilitaka kusema hakuna. Nikaukumbuka mkono ule chini ya kanga. Jamani, Zuhura alikuwa anaficha kama mimi nilivyokuwa naficha! Nililia pale mbele ya mtoto wa watu, na yeye akadhani ni maumivu.

Nilimalizia miaka yangu ya kazi na kifunga-mkono cha kitambaa kigumu, nikiwafokea wasichana wapya wainuke, wanyooshe vidole, waombe viti. Walinicheka. Sikwenda kwa Zuhura. Niliona aibu, kisha miaka ikapita, kisha ikawa aibu ya miaka.

Nilipostaafu ndipo nilipokwenda Ilala. Nilimkuta uani anakuna nazi kwa mkono uleule aliokuwa akiuficha, kwa nguvu. Nikamweleza yote: kaboni, viti, mshipa, na kwamba ni mimi niliyemsema kwa Meneja hata akapoteza kazi. Alisikiliza bila kuacha kukuna.

“Shoga yangu,” akasema mwishowe, “mkono wangu ulipona mwezi wa pili tu tangu nitoke pale ubavuni pako.”

“Kwa sababu uliacha kuchapa, Zuhura.”

“Ndivyo wanavyosema.” Akapangusa mbuzi. “Nilikuwa nakutazama na wewe ulikuwa unanitazama. Nilijua ni wewe. Lakini nilishakusamehe zamani, ule uchawi wako nilimwachia Mungu.”

Nilikwenda kuomba msamaha wa kosa moja, nikasamehewa lingine ambalo sikulitenda, na lile langu hata hakuliuliza. Ningeanza tena habari za mshipa? Akaingia ndani, akanipakulia wali, akaniletea na kijiko, maana alishaona kwamba vidole vyangu havikusanyi tonge. Nikasema ahsante. Nikala.