Udongo Niliotia Kwenye Buti

Nina tabia mbaya ya kujiamini nikishika spana. Mtu akiniuliza habari za siasa au za mbolea nitasema sijui, lakini akiniuliza gari litashikaje njia yenye utelezi, hapo mabega yananipanda. Karakana yangu iko Dongobesh, mlimani Mbulu, na mvua ikinyesha Dongobesh kila dereva huwa mcha Mungu. Utelezi ndio unaonilisha.

Kiangazi kikikolea, sisi mafundi na madereva wachache huteremka na magari yetu makuukuu kwenda kushindana kwenye tambarare ya Getanuwas, kule Hanang kwa wafugaji. Si mashindano ya kuandikwa popote. Tunapanga matairi mabovu kuonyesha njia ya mzunguko, tunakimbizana, na atakayetangulia anatutambia hadi kiangazi kingine. Mwaka jana mimi ndiye niliyeomba uwanja. Mwenye malisho yale ni mzee mmoja mfugaji, na binti yake ndiye niliyetaka kumwoa. Nilikuwa nimeshapeleka wazee wetu kwake zaidi ya mara moja, na kila mara alitunywesha maziwa, akatuuliza habari za mvua za huko juu, akatuaga bila kusema ndiyo wala hapana. Kwake mimi nilikuwa mtoto wa wakulima wa mlimani, mtu wa jembe na kanisa. Alipokubali tukimbize magari kwenye malisho yake nilijua ananipima. Nikasema ngoja anione kwenye kitu ninachokiweza.

Asubuhi tulifanya mazoezi. Utelezi wa kule si wa matope. Magari yakizunguka sana mahali pamoja, vumbi lote hupeperuka, na udongo wa chini husuguliwa na matairi mpaka unang'aa kama sakafu iliyopigwa nta. Hapo ukikanyaga mafuta magurudumu yanazunguka bure, na mkia wa gari unataka kutangulia kichwa. Niliwaona wenzangu wakiteleza mmoja baada ya mwingine hadi kwenye miiba, nikacheka. Mimi dawa yake nilikuwa nayo.

Nilipunguza upepo wa matairi ya nyuma. Nikatoa springi za nyuma nikafunga nyingine laini zaidi, ili gari likikanyagwa mafuta likalie makalio yake. Kilichobaki ni uzito. Gari langu husukumwa na magurudumu ya nyuma, na buti likiwa tupu halishiki kitu. Nyumbani ningepakia viroba vya mahindi na mambo yangekwisha. Pale sikuwa na mahindi, na mawe hurukaruka yakatoboa bodi. Nikatafuta kichuguu.

Mtu aliyekulia kwetu akiona kichuguu haoni mchwa, anaona tofali na ukuta wa kusiriba. Tumevichimba tangu utotoni. Udongo wake ni mzito, unashikana, haumwagiki ovyo. Nyuma kidogo ya uwanja palikuwa na kimoja kikubwa, kipana chini, kimeota nyasi kote na mti mmoja juu yake. Nikachukua beleshi nikakifuata. Upande mmoja palikuwa na doa la mafuta, bado linanata. Nikasema moyoni kuna fundi mwenzangu amekuja kujifutia grisi hapa, mchafu huyu. Nikachimba papo hapo kwa sababu palikuwa laini. Ndivyo nilivyo, mafuta yote ya dunia kwangu ni grisi.

Nikajaza viroba vitatu, nikavipanga ndani ya buti karibu na ekseli, beleshi nikaliacha limesimama shimoni.

Gari lilikwenda. Hata leo, pamoja na yote, siwezi kusema halikwenda. Wengine walikuwa wakiingia kona ubavuubavu, mimi napita ndani yao taratibu kama ninapeleka mtu kliniki. Nilimwona mzee amesimama na fimbo yake mbele ya ng'ombe wake, anatazama, nikaongeza mafuta. Mzunguko wa mwisho nikasikia kitu kimechanika nyuma. Kiroba kimoja kilikuwa kimesuguliwa na jeki, na sakafu ya buti langu ina kutu na matundu. Kwenye kioo niliona mstari wa udongo ukinifuata, na magari ya nyuma yakipita juu yake. Sikusimama. Nani anasimama akiwa anaongoza? Nikafika wa kwanza, mafundi wakanibeba juujuu.

Binti alikuwa amekuja na mama zake kuwaletea wageni maziwa. Alinijia haraka, lakini hakuja kunipongeza. Macho yake yalikuwa kwenye ule mstari.

"Umechimba wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha kwa kidole, bado nacheka.

"Pale amelala babu," akasema kwa sauti ya chini. "Baba yake baba."

Habari zile nilikuwa nazijua, na mtu wa Mbulu ataachaje kuzijua? Wafugaji wale, mzee wao wa heshima akifa, ukoo mzima humpandishia udongo tabaka kwa tabaka kwa miezi mingi, hadi kaburi liwe kilima, na watoto wake huja kulipaka siagi. Nilishawahi kuona kaburi jipya la namna hiyo, limesimama na miti yake kulizunguka. Sikuwahi kufikiri kwamba miaka ikipita mvua hulishusha na nyasi zikalifunika. Ile grisi yangu ilikuwa siagi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Mimi mwenyeji wangu nilimfukulia baba yake, nikampakia kwenye buti, nikammwaga njiani huku nikishangilia. Masikio yaliniwaka moto. Mafundi walionibeba wakaniweka chini, wakaanza kutazama pembeni, na mimi nilitaka kuingia ndani ya gari nipande mlima nisionekane tena Hanang. Nilijua binti nimemkosa, na nilijua ni haki yangu kumkosa.

Mzee alikuwa ameshafika kwenye kilima. Aliling'oa beleshi, akalilaza chini. Nikabeba viroba viwili vilivyosalia, kimoja baada ya kingine, mbele ya macho ya watu wote. Hakuna aliyenisaidia. Kisha nikarudi uwanjani na kile kilichochanika, nikapiga magoti, nikaanza kuzoa kwa viganja. Udongo wa babu ulikuwa umekwisha kuchanganyika na wa njia, hautambulikani tena, kwa hiyo nilizoa wote. Binti akaja akapiga magoti upande wa pili wa mstari, akazoa na yeye. Hakuniangalia hata kidogo.

Nilipomaliza kumimina shimoni nilibaki nimepiga magoti. Nikamwambia mzee kwamba nimekosa, na kwamba adhabu yoyote atakayoitaja nitailipa. Kwao kosa hutozwa ng'ombe, na nilikuwa tayari kuuza karakana yote niwapate. Mzee akawazuia kwa fimbo ng'ombe wake waliokuwa wanatusogelea.

"Kosa ni langu," akasema. "Nimekukaribisha nyumbani, nimekupa maziwa, lakini babu yako sikukuonyesha. Msalimie."

Babu yako. Jibu nililolitafuta muda wote ule, na wazee wangu wakapanda na kushuka mlima kwa ajili yake, nilipewa nikiwa na udongo wa kaburi chini ya kucha. Nikainamisha kichwa nikasema shikamoo babu. Mzee akachutama, akaweka kiganja chake juu ya ule udongo niliourudisha pamoja na vumbi la matairi yetu, akaitikia kwa niaba ya baba yake.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Afadhali angenichapa.