Kiapo cha Blanketi Moja

Orest Hnatiuk alikuwa mtu mwaminifu, ukiondoa ile Alhamisi moja. Yeye na mkewe Darlene walikuwa wamekula kiapo, kama wazee wengi wa mji wao wa Dauphin wakati wa theluji: tamthilia ikianza kutazamwa na wawili, hakuna wa kumtangulia mwenzake. Watu wa kule watakusamehe ukigonga gari lao kwenye barafu, lakini hilo hawasamehi.

Tamthilia yenyewe ilihusu chombo cha anga kilichopotelea kwenye nyota, na nahodha wake, mwanamke jeuri ambaye Darlene alimpenda kuliko binamu zake wote. Alhamisi hiyo Darlene alikwenda kanisani na kina mama wenzake kukunja pirogi za kuuza, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani. Orest akabaki na rimoti. Alijiambia ataonja mwanzo tu wa sehemu iliyofuata, lakini mwonja asali haonji mara moja, akaitazama yote. Mkewe aliporudi na unga kwenye nyusi, alimkuta akipangusa vyombo, jambo ambalo lingemtia mke yeyote wasiwasi. Orest alijua akigundulika, sehemu ya mwisho Darlene ataenda kuitazama kwa dada yake, naye ataachiwa peke yake lile blanketi wanalojifunika wote wawili.

Basi Jumamosi mchana wakaketi kuitazama sehemu ileile. Nahodha alikuwa nje ya chombo, hewa inamwishia, mlango umegoma. Siku zote Orest humtukana nahodha kama anavyowatukana wachezaji wa hoki, na Darlene humbana kidole gumba mpaka kife ganzi. Safari hii Orest aliigiza, na kuigiza hakujui. Alishtuka kabla king'ora hakijalia. Alimwita Mungu wakati nahodha anavaa glavu tu. Darlene alimtupia jicho, kisha akarudi kwenye televisheni, maana hofu ilikuwa imemzidi.

Hewa ikazidi kupungua. Darlene akaanza kulia, machozi ya kweli, akasema hawezi kutazama, anakwenda jikoni. Hapo moyo ukamponza Orest. Alimpenda mno mkewe, hakuweza kumwacha alie msiba usiokuwepo.

"Kaa, mama," alisema. "Roboti atamfungulia."

Darlene akasimamisha picha. Nahodha akabaki ananing'inia, mdomo wazi.

"Alhamisi," alisema Darlene. "Mimi nakunja pirogi za kanisa, wewe unanisaliti kwenye kochi langu."

Orest alianza kusema kwamba rimoti ilijibonyeza yenyewe, akaona haya, akakiri yote. Kisha akangoja kusikia jina la shemeji yake. Darlene hakulitaja. Alikuwa anamtazama tu, kama anayetafuta kitu usoni mwake.

"Uliogopa?"

"Niliogopa sana."

"Ulimshika nani mkono?"

Orest akainamisha kichwa. "Paka. Akanikwaruza, akaondoka zake."

Darlene alijikaza asicheke, akashindwa, akacheka mpaka blanketi likaanguka. Halafu hasira ikamrudia, maana alikuwa na haki nayo.

"Una mke ndani ya nyumba," alisema, "halafu unakwenda kuogopa peke yako kama mgane."

Darlene akaokota blanketi, akakitafuta kile kidole gumba, akabonyeza rimoti. Mlango ukafunguliwa kwa mara ya pili, na safari hii Orest akalia.